Kichochoro cha Kivinje

Nilitoka Morogoro kwa sababu ya sura moja ya kitabu. Ninafundisha jiografia sekondari, na pamoja na walimu wenzangu tunaandika kitabu kidogo kuhusu jinsi mahali panavyoyapanga maisha ya watu wanaokaa hapo. Vitabu tulivyosomea sisi vilikuwa vizuri, lakini mifano yake ilitoka kwenye miji ambayo hakuna mwanafunzi wetu anayeijua. Mimi nilipewa sehemu ya barabara na makazi. Niliiandika nikiwa mezani, nikaona imekamilika. Wenzangu walipoisoma hawakupata kosa ndani yake, ila waliniambia kwamba katika kurasa zote zile hakuna mtu hata mmoja anayetajwa kwa jina.

Nikampigia simu Somoe. Tulilala chumba kimoja chuo cha ualimu. Yeye akaolewa Kilwa Kivinje na seremala anayeitwa Bakari, na mpaka leo anafundisha shule ya msingi huko. Nilimweleza ninachotafuta. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema niende kwake likizo.

"Barabara kuu imetutenganisha na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta," alisema, "na yenyewe haipiti hata karibu na nyumba zetu. Njoo uone mwenyewe, Yusta."

Nililala Mbagala kwa mjomba wangu, na asubuhi nikapanda basi la kusini. Nilikaa dirishani makusudi. Baada ya daraja la Rufiji nilianza kuzitazama nyumba kuliko nilivyotazama mito na miti. Vijiji vingi tulivyovipita vilikuwa na sura mbili. Barabarani kulikuwa na nyumba mpya za bati, zimejipanga kama watu wanaosubiri kitu, kila moja na kibaraza cha biashara. Nyuma yake, mbali kidogo, ungeona paa za makuti, minazi mikongwe na msikiti wa zamani, vyote vimeipa barabara mgongo kwa sababu vilikuwapo kabla yake. Somanga tulisimama, abiria wakanunua samaki wa kukaanga kupitia madirishani. Tulipita eneo la Tingi na mashamba yake, na mchana tukafika Nangurukuru.

Nangurukuru ni njia panda. Anayekwenda Lindi na Mtwara ananyoosha, anayekwenda Kivinje au Kilwa Masoko anakata kushoto. Nilishuka na begi langu kati ya wauza machungwa, mihogo ya kukaanga na korosho. Jua lilikuwa kali, nikaomba kivuli kwenye kibaraza cha duka kubwa la misumari, bati na rangi. Mwenye duka, mwanamume wa makamo mwenye ndevu fupi na kofia ya kitambaa, alinitolea kiti kabla sijamaliza kuomba. Nilipomwambia ninakwenda kwa Somoe, mwalimu, mke wa Bakari, alicheka.

"Hao ni jirani zangu kabisa. Subiri nifunge, nitakupeleka."

Jina lake Abasi. Ukoo wake ulifika Kivinje kutoka Bara Hindi zamani, na nyumba yao iliuza bidhaa mjini pale toka kwa babu wa babu yake. Njiani, ndani ya pikapu yake, nilimuuliza kwa nini duka lipo Nangurukuru na siyo Kivinje. Alinijibu kama mtu aliyekwisha kujieleza mara nyingi. Mtu anayejenga Matumbini huko bara anashuka basi njia panda. Hawezi kukodi usafiri mwingine aende mpaka Kivinje kununua bati. Kwa miaka mingi Abasi alilinda duka la baba yake, akishinda amekaa peke yake, mpaka akaamua kuwafuata wateja walipo. Mkewe na watoto wapo Dar es Salaam kwa ajili ya shule. Yeye anatoka Kivinje alfajiri, anarudi jioni.

"Na nyumbani anabaki nani?" niliuliza.

"Mama," alisema, kisha akashughulika na gari.

Jioni ile niliingia Kivinje. Mtaa wa mbele una nyumba za mawe za ghorofa moja moja, nyingine zimebaki kuta tu na mti umeota sebuleni. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye baraza zao wakizungumza, na kila tuliyempita alimsalimu Abasi kwa jina. Aliposimamisha gari mbele ya nyumba yake niliona madirisha ya duka la zamani yamefungwa kwa mbao. Alibisha, tukasikia komeo moja likifunguliwa kwa ndani, halafu la pili, halafu kufuli. Mimi niliendelea hadi nyumba ya tatu kwa mbele, ingawa kwa nyuma nyua zao zinapakana, kwa Somoe, ambaye alinipokea kwa kunikumbatia na kuninyang'anya begi.

Asubuhi yake Somoe alinionyesha alichoniitia. Alinipeleka jikoni, ambako ni uani, akafungua kimlango cha nyuma. Kilitokea kwenye kichochoro chembamba, cha kupita mtu mmoja mmoja, chenye sakafu ya chokaa iliyolika katikati kwa nyayo. Tulikwenda hatua chache tu, tukakutana na ukuta mpya wa matofali ya saruji, mrefu kunizidi, na vipande vya chupa vimepandwa juu yake.

Nyuma ya ukuta ule, alinieleza, kichochoro kilikuwa kinapita katikati ya ua wa Abasi, kinatokea nyumba nyingine, kinaendelea hadi kisimani na kwenye msikiti wa wanawake. Wanawake wa mtaa mzima walikuwa wakipita humo. Kwenda mtaa wa mbele ni shughuli: unavaa baibui, unapita mbele ya baraza za wanaume, unasimama kusalimia kila mtu. Kichochoroni ulijifunga kanga zako mbili ukaenda na bakuli mkononi. Ua wa nyumba ya Abasi ndio uliokuwa kituo. Mama yake, ambaye wote wanamwita Mama Zarina kwa jina la binti yake wa kwanza, alikaa hapo kwenye mkeka, na hakuna aliyepita bila kutua kidogo.

Abasi alipohamishia biashara Nangurukuru, nyumba ikawa kimya mchana, na wezi wakaingia kwa nyuma, wakachukua walichoweza. Ardhi ile ni ya ukoo wake kwa haki, akaita mafundi. Ukuta uliposimama, Mama Zarina akabaki ndani na mlango wa mbele uliofungwa.

Kilichotokea baadaye Somoe alinisimulia akiwa ameuegemea ukuta wenyewe. Siku moja asubuhi alikuwa akichambua mchele akasikia sauti upande wa pili. Mama Zarina alikuwa ameteleza uani na hakuweza kuinuka. Somoe alimjibu kupitia ukutani kwamba anakuja. Akavaa, akazunguka mtaa wa mbele mbio, akakuta mlango umefungwa kwa kufuli nje. Alirudi tena ukutani, akakaa chini, akawa anazungumza na yule mama asiyemwona, akimsomea dua na kumuuliza maswali ili asilale, wakati Bakari anamtafuta Abasi kwa simu. Njia panda mtandao ulikuwa ukikatika. Walikaa hivyo mpaka adhuhuri ikapita.

"Mkono wangu ungefika pale alipolala," Somoe alisema. "Ilikuwa mbali kiasi hicho tu."

Mama Zarina alipona, isipokuwa nyonga inamsumbua. Abasi aliumia sana moyoni. Alimleta mama wa makamo kutoka Pande akae naye mchana, akamwachia ufunguo kwa ndani. Ukuta aliuacha.

Mchana tulikwenda kumwamkia Mama Zarina. Somoe alivaa, mimi nikajitanda mtandio, tukapita baraza zote na salamu zake zote, tukangoja makomeo. Tulimkuta kwenye kiti mbele ya televisheni, mdogo wa mwili, macho makali. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba na kunishika mkono asiuachie. Aliniuliza watu wangu, mvua ya Morogoro, na kama Waluguru bado wanalima milimani. Kisha akaonyesha televisheni kwa kidevu.

"Zamani nilijua nani anaumwa na nani ana mgeni bila kuinuka kwenye mkeka. Siku hizi ninajua habari za Waturuki wa tamthilia tu. Yule pale ameachwa na mumewe, na sina wa kumwambia."

Tulicheka sote, naye alicheka, lakini tulipoaga alisema tumekaa kidogo mno. Somoe akamwambia, kwa upole, kwamba ameacha chungu motoni. Yule mama akatikisa kichwa. Zamani chungu cha Somoe kingeweza kuangaliwa kutoka uani kwake.

Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, nilikuwa nimekaa na Bakari kwenye karakana yake mbele ya nyumba nilipoona wanaume wa baraza ya jirani wanasimama mmoja baada ya mwingine. Mama Zarina alikuwa anakuja mtaani kwa miguu. Alivaa baibui lake jeusi, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine umemshika yule mama wa Pande, ambaye alibeba mto na mfuko wa nguo. Alikuwa hajaonekana mtaa wa mbele kwa muda mrefu sana. Alisalimiwa, akaitikia kila mmoja, akapumzika njiani mara kadhaa, akafika na kuingia ndani kwa Somoe.

"Nimekuja kutembea," alisema. "Nitalala."

Somoe aliupokea mto. Alitandika kitanda cha chumba cha uani. Ndani ya saa moja wanawake wakaanza kumiminika kupitia upande wa kichochoro uliobaki, na jikoni pakajaa maneno ya miezi mingi. Nilisaidia kukuna nazi na kusikiliza. Walimpa habari za ndoa mbili, za msiba mmoja na za mjukuu aliyefaulu, naye aliuliza kila kitu mara mbili ili kisimpite.

Alasiri Abasi alifika, bado ana vumbi la saruji kwenye viatu. Alimwamkia mama yake, akakaa kwenye kigoda. Nilitaka kutoka nikawapishe, Mama Zarina akaniambia nikae, mimi ni mgeni wa nyumba.

"Mama, watu watasema nimekufukuza," alisema Abasi.

"Waache waseme. Nimekuja kwa jirani, na jirani hajaniambia niondoke."

"Utarudi lini?"

"Ukinipa njia ya kurudia."

"Njia ipo. Gari liko nje."

"Gari ni lako, mwanangu. Mimi ninataka njia ya miguu yangu."

Abasi alimgeukia Somoe. Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Aliuliza, wezi wakirudi wakamkuta mama na yule msaidizi wake tu, nani atajibu? Lilikuwa swali la haki. Abasi akaagana na mama yake, akarudi kulala katika nyumba yake peke yake.

Mimi nilikuwa nimepanga kwenda Lindi kuangalia mitaa ya mji wa zamani kwa ajili ya sura yangu. Nilipoaga asubuhi, Mama Zarina alinipa chupa ya achari ya embe nimpelekee binti yake, Zarina mwenyewe, aliyeolewa huko na anauza vitambaa. Ujumbe ulikuwa wa mdomo: nimwambie mama yake hajagombana na mtu, ila kwenye ukuta harudi.

Kutoka Nangurukuru kwenda Lindi basi linapita nchi ya vichaka na mashamba ya ufuta, linavuka mto Mbwemkuru, halafu karibu na Mchinga bahari inaanza kuonekana tena upande wa kushoto. Niliingia Lindi mchana na kuuliza duka. Zarina alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa maneno, amekaa kati ya majora ya vitenge. Aliifungua chupa palepale, akanusa, akaifunga. Nilimpa ujumbe. Alianza kucheka, kisha akajipangusa macho kwa ncha ya mtandio.

Alinikaribisha chakula nyuma ya duka na akanieleza. Yeye na Abasi walizaliwa nyumba moja, lakini Abasi tangu mdogo alikaa mbele na baba yao, dukani. Chuo cha Kurani, mpira, msikiti, vyote alitokea mlango wa mbele. Zarina alikulia uani. Kupika wali wa nazi alijifunza kwa mama mkwe wa Somoe, kusuka mikeka nyumba ya pili yake, na siku aliyovunja ungo alijificha kisimani, na wanawake wa kichochoroni ndio waliomtafuta.

"Abasi alilelewa mbele, mimi nyuma," alisema. "Nyumba moja, mwalimu, lakini kila mtu na mji wake."

Alimpigia simu ndugu yake mbele yangu. Sikumsikia Abasi, nilimsikia Zarina tu. Hakumlaumu. Alimwomba amtajie majirani wa mtaa wa mbele kwa mpangilio wa nyumba, na kwa jinsi alivyokuwa akiitikia nilijua anawataja wote. Kisha akamwomba awataje wanaofuatana kwa nyuma, kuanzia jikoni kwa Somoe hadi kisimani. Hapo Zarina alikaa na simu sikioni muda mrefu bila kuitikia kitu. Mwisho akasema taratibu, "Basi kapite uone, ndugu yangu. Lakini ukohoe kwanza."

Nilikaa Lindi siku chache, nikatembea mitaa niliyoifuata, nikachora ramani zangu. Niseme kweli, nilizichora bila raha, kwa sababu kila mtaa niliosimama sasa niliuona upande mmoja tu, na sikuwa na mtu wa kunifungulia upande wa pili.

Niliporudi Kivinje nilisikia randa ya Bakari kabla sijafika mlangoni. Alikuwa anatengeneza mlango wa mninga. Uani, ukuta ulikuwa umetobolewa, na Abasi amekaa kwenye rundo la matofali, jasho linamtiririka. Siku ile hakufungua duka.

Aliniambia alipita kichochoroni siku ya pili baada ya simu ya dada yake, Somoe akitangulia. Alikohoa kila kona kama alivyoagizwa, na wanawake walijifunika na kushangaa kumwona. Alikutana na milango ambayo hakuwahi kujua ipo, ya watu aliowajua maisha yake yote.

"Sikujua kuwa ni njia," alisema. "Nilidhani ni nafasi iliyobaki tu kati ya nyumba."

Nilimuuliza kuhusu wezi. Alisema bado anawaogopa. Mlango utakuwa na komeo kwa ndani, na upande wa kisimani utawekwa mwingine kama huo. Mama yake ataifungua asubuhi na kuifunga magharibi, na mchana wale wanaopita watakuwa macho yake. Hakuwa na hakika kama itatosha. "Tutaona," alisema, akarudi kuondoa matofali.

Mlango ulipotiwa, kizingiti kilitoka juu mno kwa nyonga ya Mama Zarina. Bakari alitaka kuubomoa upya, lakini wanawake hawakuwa na subira, wakaweka tofali moja kila upande kuwa ngazi. Mama Zarina akapita, ameshika bega la Somoe, akarudi kwake. Mto wake ulimfuata baadaye.

Siku niliyoondoka nilipita humo kumuaga. Uani palikuwa na mkeka na watu, na birika la chai ya tangawizi. Lakini Somoe aliniambia yuko mmoja ambaye hajaja, Bi Tatu wa nyumba iliyo karibu na kisima. Siku ile ukuta unajengwa alikuwa amembebea Mama Zarina bakuli la uji, fundi akamgeuza njiani mbele ya watu. Sasa anapitisha mambo yake mtaa wa mbele na anasema amekwisha kuzoea. Mama Zarina hamlaumu. Kila asubuhi anauliza tu kama ameonekana.

Nilirudi Morogoro na nikaiandika sura upya. Niliandika kwamba barabara iliyovuta duka hadi njia panda iliiacha nyumba moja tupu mchana, na utupu ule ukaleta wezi, na wezi wakaleta ukuta, na ukuta ukamwacha mama mzee amelala chini mahali ambapo jirani yake angemfikia kwa mkono. Niliandika pia kwamba mji unaoonyeshwa na wanaume wa Kivinje na ule unaoonyeshwa na wanawake wake haufanani, na anayeuliza upande mmoja anapata nusu. Wenzangu waliipokea. Mimi nilibaki na jambo ambalo sikujua kuliandika: mlango ulichukua siku chache kuuweka, lakini Bi Tatu alikuwa bado anazunguka.

Mvua za vuli zilipoanza Somoe alinipigia simu. Huko kwao ilikuwa inanyesha sana, alisema, na yeye alikuwa kwa Mama Zarina wakipasha vitumbua. Bi Tatu alikuwa ameingia kwa kichochoro na bakuli chini ya kanga, amelowa mpaka magotini, na aliposema hodi alikuwa ameshafika jikoni.